Fallout ya 1997 si mchezo wa vita

Wanaoisifu Fallout ya kwanza, mchezo wa kompyuta wa kuigiza uhusika katika jangwa lililobaki baada ya vita vya nyuklia, huanza na hadithi yake, na wanaoiponda huanza na mapigano yake. Wote wana hoja, ila wanaizungumzia kana kwamba ni michezo miwili iliyobandikwa pamoja, mmoja wa kusoma na mwingine wa kupiga risasi. Mimi naona ni mmoja. Mapigano yake ya zamu kwa zamu ni dhaifu ukiyapima kama vita vya mbinu, yaani kupanga kikosi, kuvizia na kuzingira. Ukiyapima kama njia ya kukuonyesha umemuumba mtu wa namna gani, ni michezo michache tangu hapo iliyofika mahali hapo. Na kasoro zake nyingi zinatoka kwenye chimbuko lile lile la ubora wake: kila kanuni imejengwa kuuzunguka mwili mmoja, wa mhusika wako.

Chimbuko hilo lina historia. Tim Cain alianza kuuandaa mchezo huu ndani ya kampuni ya Interplay mwaka 1994, na kwa muda mrefu ulikusudiwa kutumia GURPS, kanuni za michezo ya mezani za Steve Jackson Games. Mapema mwaka 1997, miezi michache kabla ya mchezo kutoka, makubaliano hayo yalivunjika. Ikabidi zitungwe kanuni mpya haraka haraka, na Chris Taylor ndiye aliyezisanifu: sifa saba za mwili na akili, ambazo ni nguvu, uoni, ustahimilivu, mvuto, akili, wepesi na bahati, kila moja ikipimwa kuanzia 1 hadi 10. Juu yake kuna ujuzi wa aina 18, na mchezaji huchagua tatu za kuzitilia mkazo. Ukijua mazingira ya kuzaliwa kwake, utaelewa kwa nini mfumo huu ni mwepesi kueleweka na wakati huo huo una mashimo.

Tazama wepesi. Idadi ya alama za vitendo unazopewa kila zamu ni 5 ukijumlisha nusu ya wepesi wako. Mwenye wepesi wa 10 anapata alama 10, mwenye 6 anapata 8. Hatua moja kwenye sakafu ya pembesita hula alama 1, na bastola ya kawaida hula 5 kwa risasi moja. Kwa hiyo mwenye wepesi wa 10 anafyatua mara mbili kila zamu, na mwenye 6 anafyatua mara moja kisha anabaki na hatua tatu za kurudi nyuma. Hapo huhitaji kuambiwa kwamba mtu wako ni mwepesi au mzito, kwani unalisikia lenyewe, zamu baada ya zamu, adui anapokusogelea na wewe umebakiwa na alama mbili zisizotosha chochote. Hata hizo hazipotei bure, maana alama usizotumia zinageuka kuwa kinga mpaka zamu yako irudi. Kufungua begi lako katikati ya mapigano hula alama 4, na unaruhusiwa kupekua humo na kutumia vitu upendavyo kwa bei hiyo moja. Ni kanuni ya ajabu kidogo, lakini inakufundisha kujiandaa kabla ya kuingia mlangoni.

Halafu kuna kulenga viungo. Kwa alama moja zaidi unachagua macho, kichwa, mikono, miguu, kiwiliwili au kinena, na kila kimoja kina asilimia yake ya kupata. Ukimvunja mtu mguu, anakufuata akijikokota. Ukimvunja mkono wa silaha, hesabu ya pambano inabadilika. Maandishi madogo pembeni yanasimulia kila pigo kwa mzaha mweusi, na nadhani maandishi hayo yamechangia umaarufu wa mchezo kuliko watu wanavyokiri. Risasi inayosimuliwa unaikumbuka zaidi ya risasi inayoonyesha nambari tu.

Mambo hayo ni mazuri, na yanachosha mapema. Ujuzi wako wa bunduki ndogo ukishapanda, hakuna sababu ya kulenga mahali pengine isipokuwa macho. Pambano la saa ya kumi ya mchezo linakuwa kurudia tendo moja: lenga macho, fyatua, maliza zamu. Hakuna kujificha nyuma ya ukuta kwa maana ya kimbinu, hakuna kuchutama, hakuna kubakiza risasi ya kumngoja adui atokeze. Mambo hayo yalikuwa yanajulikana tayari. X-COM, mchezo wa vita vya mbinu, ilikuwa imeshayafanya mwaka 1994. Mpangilio wa ardhi katika Fallout una uzito mdogo: unasogea ili umfikie adui au umkimbie, na mara chache sana ili uwe mahali bora kuliko yeye. Mtu anayekuja akitafuta raha ya mbinu atakuwa amekufa kwa uchovu kabla ya mutanti, yale majitu yaliyogeuzwa kutoka kwa wanadamu, kumfikia.

Uchovu huo una sababu nyingine ya kiufundi. Pambano linapoanza ndani ya mji, kila kiumbe kwenye eneo hilo anaweza kupewa zamu yake, wakiwemo raia wasiohusika wanaokimbia huku na huko. Unapiga risasi mbili, kisha unakaa ukimtazama mwanamke wa sokoni akivuka barabara, mlinzi akitembea hatua nne, mbwa akizunguka. Kuna kitelezi cha kuongeza kasi kwenye mipangilio na ni cha lazima, lakini hakiondoi tatizo. Cain amewahi kusimulia kwamba baada ya mafanikio ya mchezo wa Diablo kulikuwa na shinikizo la kuugeuza mchezo uende kwa wakati halisi, bila zamu. Nashukuru halikufua dafu, ila ninaposubiri raia wa mji wa Hub wamalize kukimbia, namwelewa aliyelitoa wazo hilo.

Kisha kuna wenzako wa safari. Hapa sina la kutetea. Ian, unayemkodi mwanzoni kabisa kwenye kijiji cha Shady Sands, anaweza kupewa bunduki ya risasi mfululizo na akakumiminia mgongoni kwa sababu ulisimama kati yake na adui. Huwezi kumwamuru asogee. Huwezi kumvisha vazi bora la kinga. Hapandi ngazi za uwezo, kwa hiyo kadiri dunia inavyozidi kuwa kali yeye anabaki yule yule wa siku ya kwanza. Ukitaka kumpunguzia vitu alivyobeba, unafanya naye biashara au unamwibia. Akisimama mlangoni, amekufungia ndani, na hakuna njia ya kumsukuma. Kitufe cha kusukuma watu kilikuja na Fallout 2 mwaka 1998. Mbwa Dogmeat, kipenzi cha wengi, ana desturi ya kujitupa kwenye kuta za umeme ndani ya kambi ya kijeshi ya Mariposa mpaka afe. Haya yote ni matokeo ya mfumo uliobuniwa kwa mwili mmoja. Wenzako waliongezwa baadaye juu ya kanuni ambazo hazikuwatengea nafasi, na inaonekana.

Sasa weka silaha chini uone mfumo ule ule ukifanya kazi nyingine.

Akili ya chini ya 4 inabadili mazungumzo karibu yote. Mhusika wako anabaki kuguna na kutamka maneno mawili matatu, watu wanamhurumia au wanamfukuza, na kazi nyingi zinafungwa kabisa kwa sababu hakuna anayemkabidhi mtu wa namna hiyo jambo zito. Ni gharama ya kweli ya nambari uliyoipunguza kwenye ukurasa wa kwanza ili uongeze nguvu za misuli. Michezo mingi ya kuigiza uhusika inakuahidi kwamba chaguo lako lina maana, hii inakutoza. Na inakutoza kwa nambari zile zile zilizoamua unafyatua mara ngapi kwa zamu. Hapo ndipo ninaposema ni mchezo mmoja.

Kuna tabia unayoweza kuichagua mwanzoni inayofanya kila kifo kionyeshwe kwa namna ya kinyama zaidi. Inaonekana ni pambo la watoto wakorofi. Lakini mwishoni kabisa, baada ya kuliokoa handaki lenu la Vault 13, mahali ulipoanzia safari, msimamizi wake anatoka nje kukuambia kwamba huwezi kurudi ndani, kwa kuwa umebadilika mno na vijana watataka kukuiga. Mhusika wa kawaida anageuka na kuondoka peke yake jangwani. Mwenye tabia ile, au mwenye rekodi ya uovu, anampiga msimamizi risasi. Pambo la ukurasa wa kwanza limefika hadi tendo la mwisho la hadithi, na hakuna dirisha lililojitokeza kukutangazia.

Mwisho wa adui mkuu, aitwaye Master, ni mfano bora zaidi. Master anataka kuwageuza wanadamu wote kuwa mutanti kwa kutumia kirusi kilichotengenezwa kabla ya vita vya nyuklia vya 2077, akiamini kwamba watu wa aina moja hawatapigana tena. Unaweza kumuua kwa silaha. Unaweza kumpita ukalipua bomu lililo chini ya makao yake. Au unaweza kuzungumza naye. Hilo la tatu halifanikiwi kwa ulimi mtamu peke yake, linataka ushahidi. Kwenye ngome ya Brotherhood of Steel, kundi la askari wanaohodhi teknolojia ya zamani, kuna mtafiti aitwaye Vree aliyempasua mutanti na kugundua kwamba hawazai. Ukiufikisha utafiti huo mbele ya Master na ukajua namna ya kuueleza, mpango wake unaanguka kwa hesabu: kizazi chake kipya hakina kizazi cha pili. Anakiri, kisha anajiangamiza. Hapo bunduki haikuhitajika, na ushindi umetokana na kusoma, kuuliza na kuwa na kichwa cha kuunganisha mambo. Hii ndiyo sayansi ya kubuni ninayoitaka, ile ambayo jawabu la kisayansi lina uzito ndani ya hadithi, na mitambo na miale ni mandhari tu.

Suala linalogawa wachezaji kuliko yote ni muda. Chipu ya kusafishia maji ya Vault 13 imeharibika, na una siku 150 za kuleta nyingine. Zikiisha, mchezo umekwisha. Ukifika Hub unaweza kuwalipa wafanyabiashara wapeleke maji, ukapata siku 100 za nyongeza, lakini misafara hiyo inawasaidia mutanti kuligundua handaki mapema zaidi, kwa kuwa kuna saa ya pili inayohesabu siku 500 hadi uvamizi. Katika toleo la kwanza uamuzi huo ulikuwa na meno: ulinunua pumzi leo kwa kukopa kesho. Wachezaji wakalalamika, na kiraka kilichofuata, yaani marekebisho ya mchezo, kikaisogeza saa ya uvamizi hadi miaka 13, yaani kikaiondoa bila kusema kimeiondoa.

Naamini walikosea. Najua saa inamtisha mgeni, na ni kweli kwamba mchezo wa kuzurura unagombana na mchezo wa kukimbizana na siku. Lakini siku 150 ni nyingi kwa mtu asiyepoteza muda, na bila saa ya pili, ile biashara ya maji inakuwa zawadi ya bure. Kanuni iliyokuwa inaunganisha ramani, fedha na hatima ikawa maneno tu ya kwenye mazungumzo. Kwa mchezo ambao nguvu yake yote iko katika kutoza bei, kusamehe bei kubwa kuliko zote ni kujikata mguu.

Mahali ambapo haikusamehe ni Glow. Brotherhood wanakutuma huko ukaokote kumbukumbu, wakitumaini hutarudi. Ni shimo la mionzi, na mionzi ya Fallout haikuui pale pale. Unaingia bila kumeza dawa, unazunguka, unaokota vitu, unatoka ukijipongeza, kisha baadaye njiani mwili unaanza kuporomoka sifa moja baada ya nyingine. Sifa zile zile saba. Wepesi ukishuka, alama zako za vitendo zinashuka, na pambano ulilokuwa unalimudu juzi leo linakushinda. Hakuna mutanti aliyenitia hofu kama hesabu hiyo.

Uwiano wa ujuzi ni mbaya, na hilo halihitaji maneno mengi. Bunduki ndogo zinakubeba karibu mchezo mzima. Silaha za nishati ni bora mwishoni, lakini mgeni hawezi kujua zitapatikana lini. Ufasaha wa kusema unafungua milango mingi. Kurusha vitu, mitego na uganga wa huduma ya kwanza ni mahali pa kuzika alama zako. Kamari, kwa upande mwingine, inaweza kukutajirisha bila kikomo ukiwa na subira ya kubonyeza, na ukishatajirika uchumi wote umekufa. Mvuto nao ni sifa ya jina tu, maana idadi ya wenzako haiutegemei. Anayeumba mhusika kwa kufuata hisia za jina la sifa ataadhibiwa, na hiyo ni adhabu tofauti na ile niliyoisifu juu: ile inatokana na chaguo ulilolielewa, hii inatokana na kufichwa taarifa.

Vazi la Power Armor nalo linaua mvutano wote. Ukilipata, na mwenye kujua njia analipata mapema, risasi nyingi za kawaida hazikufanyi kitu. Kwa upande wa hadithi ni sawa kabisa, maana mtu aliyevaa mtambo anapaswa kuogopwa. Kwa upande wa mchezo, robo ya mwisho inapoteza jasho isipokuwa dhidi ya silaha nzito za mutanti, ambazo zenyewe zinaweza kukumaliza kwa mfululizo mmoja. Unatoka kutoguswa hadi kufa, bila kituo katikati, na asilimia ya kupata isiyozidi 95 hata kwa bingwa inafanya watu wengi waishie kuhifadhi mchezo kila dakika na kurudia zamu mpaka bahati iwapendelee.

Kuhusu mji wa Junktown nina dukuduku la muda mrefu. Unachagua kati ya Killian, mwenye duka anayesimamia sheria, na Gizmo, mwenye nyumba ya kamari. Waandaaji walikuwa wamepanga mwisho wa kejeli: mji chini ya Gizmo unastawi kwa tamaa yake, na chini ya Killian unadumazwa na haki yake kali. Mwisho huo ukabadilishwa, mwema akawa mwema na mbaya akawa mbaya. Ukicheza leo unaona kabisa kwamba mji mzima uliandikwa kwa ajili ya ule mwisho wa awali, na uliowekwa umekaa juu yake kama kofia ya kuazima.

Swali la kama umezeeka ni la haki. Kiolesura chake ni kigumu, vitu vidogo vinapotea kwenye sakafu ya rangi ya udongo, na biashara ya kubadilishana vitu ni mibonyezo isiyo na mwisho. Muziki wa Mark Morgan haujazeeka hata kidogo, wala nyuso zile za watu wanaozungumza, zilizofinyangwa kwa udongo halisi kabla ya kuingizwa kwenye kompyuta. Wasteland 2 ya mwaka 2014 na Wasteland 3 ya mwaka 2020 zilirekebisha karibu kila nilicholalamikia upande wa vita: unaongoza kikosi kizima, kuna kujificha, wenzako wanapanda ngazi pamoja nawe. Ni michezo bora ya mapigano, na kwa kweli naicheza nikifurahi zaidi risasi zinapolia. Ila kikosi cha watu sita au saba kina mtu wa kila kazi. Mmoja anafungua kufuli, mwingine anasema vizuri, wa tatu anatengeneza mitambo. Hakuna mlango unaokuambia kwamba mtu uliyemuumba hawezi. Hiyo ndiyo bei ya kurekebisha kasoro ya Fallout, na sijui wengi wanaodai mapigano bora kama wako tayari kuilipa.

Ukiuanza leo kwa mara ya kwanza, weka wepesi juu, akili isipungue 6, tilia mkazo bunduki ndogo, ufasaha na ufunguaji wa kufuli, na usimpe Ian bunduki ya risasi mfululizo hata akililia. Sogeza kitelezi cha kasi hadi mwisho. Ukimaliza, anza upya na mtu mwenye akili ya 2, usisome mwongozo wowote, uone ni watu wangapi wa jangwa lile wanaokukaribisha ndani.